Mbuzi Hazishuki Pale Asubuhi

Vijana, poleni na kazi. Najua mna mitihani ya historia na shughuli nyingi. Kuna simu ya kuchaji, kuna chai ya kupiga picha kabla haijapoa, kuna mtu fulani wa Kigali ambaye hamjawahi kumwona, anayewafundisha utajiri kwa dakika mbili. Sitawachelewesha sana. Mimi ni mzee wa bomba tu. Kwa zaidi ya miaka thelathini nilikuwa fonteniye hapa Gisenyi, yaani yule mtu wa spana na viatu vya matope anayekuja maji yakikatika, mnayemtukana kwanza halafu mnamletea kiti. Tangu nistaafu hata matusi yamepungua, na mengine nayakumbuka kwa hamu.

Mke wangu, aliyekulia Bukoba akarudi huku na Kiswahili chake kilichopigwa pasi, amezipitia kurasa hizi na kuninyooshea maneno. Palipobaki mikunjo ni pale watu wanaposema kwa vinywa vyao. Hapo nilimkataza kugusa.

Sitawaambia kwamba asiyejua atokako hajui aendako. Hayo mnayo kwenye fulana zenu. Nitawaambia habari ya shimo.

Mwezi uliopita alikuja Divine, binti wa marehemu mdogo wangu. Ni injinia, mtoto mwenye akili kuliko sisi wote tukichanganywa, na ana kofia nyeupe ya plastiki ambayo huivua akiingia kwangu kama vile wengine wanavyovua viatu. Alikuwa na ramani chini ya kwapa. Anajenga nyumba ya kulelea watoto upande wa Cyanzarwe, ya akina mama wanaoamka na giza kubeba viazi na karoti kwenda kuuza Goma. Wataacha watoto pale wakiwa bado na usingizi, wawapitie jioni. Kazi njema, sikatai.

"Papa mukubwa, mi nilikuja kuuliza maji tu," alisema. "Tuyau ya zamani, ile bomba ya chini, inapita wapi? Nijue, halafu nikimbie."

Nikamuuliza kama ameshawauliza wenyeji pale palikuwa na nini zamani. Alicheka kwa heshima, kama mnavyotucheka siku hizi.

"Papa mukubwa, zamani haina marché, hakuna mwenye kuinunua. Historia mi niliiacha secondaire, nikachukua hesabu na fizikia. Udongo tulishapima, iko solide."

Akaikunjua ramani juu ya meza. Chumba cha watoto cha kulalia kilichorwa chini, bondeni, nusu yake ndani ya ardhi, ili upepo wa asubuhi usiwapige. Watalala kwenye magodoro sakafuni. Nikauliza panaitwaje.

"Paradiso."

Jina hilo alilitoa dalali wa viwanja. Madalali wetu wana kipaji cha ubatizo kuwashinda mapadri. Lakini mimi nilipatambua kwa lile bonde la mviringo, maana mtaro wa bomba la pale niliuchimba mimi. Kikombe kilinitoka mkononi, chai ikamwagika kwenye ramani, na Divine akadhani ni uzee.

Sasa subirini kidogo niwaeleze kazi yetu, mjue jinsi nilivyopajua mahali hapo.

Aliyenifundisha aliitwa Gratien, mtu wa Nyakiriba, mfupi, mkali, rozari shingoni mchana kutwa. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka Masisi, ng'ambo ya mpaka, upande wa Goma, nikiwa na vyeti vya ufundi ndani ya bahasha ya plastiki, na kiburi ambacho hakikuenea katika bahasha yoyote. Siku zile hapakuwa na ramani za kuaminika. Mabomba mengine yaliwekwa enzi ya Wabelgiji, na waliojua yanapita wapi wengi walikuwa wamekufa vitani au wamekimbia. Tulibaki tunatafuta chuma ardhini kama kuku anayetafuta punje.

Kuna siku tulipewa karatasi ya bluu, ya zamani, yenye michoro ya kupendeza. Ilisema vali kuu iko mita nane kutoka mkuyu. Safi kabisa. Tatizo, mkuyu wenyewe ulikuwa umeshakatwa na kugeuzwa mkaa, na bila shaka ulishachoma brosheti, yaani mishikaki, za watu wazuri tu. Nilichimba siku tatu. Nilipima kila upande, nikachora, nikatoa jasho, nikapata mfupa wa ng'ombe. Siku ya nne Gratien alimwendea mama mmoja muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, akamuuliza mkuyu ulikuwa wapi. Mama hakuinuka hata kwenye ndoo yake. Alinyoosha kidevu.

"Iko chini ya salon ya yule bwana mwenye parabole."

Ilikuwa pale kweli, sebuleni kwa mwenye dishi la televisheni, chini ya kochi. Tulivunja saruji ya watu huku mwenye nyumba akitulaani kwa lugha tatu. Kuuliza si ujinga, ndivyo wanavyosema, lakini mimi nilikuwa nimesoma, kwa hiyo nilichimba siku tatu kwanza.

Gratien alinifundisha mengi ambayo simu zenu hazina. Mwezi wa saba, nyasi zote zimekauka na palipo na ukanda mmoja mbichi, bomba linavuja hapo. Simika mtaimbo ardhini, laza sikio juu ya chuma, ziba la pili. Maji yanayovuja yatakuimbia kama mafuta ya sambusa kikaangoni. Jiwe la volkano usilipige sururu katikati, litakurudishia mkono wako mwenyewe usoni. Litafute ufa, lisukume pole, litafunguka lenyewe.

Halafu kulikuwa na mshumaa. Kila shimo lililopita kiuno, Gratien aliwasha mshumaa, akauweka ndani ya kopo la nyanya, akaliteremsha kwa waya hadi chini, akasubiri. Mimi ni mtoto wa mchungaji. Kwetu mishumaa ni ya umeme ukikatika. Nilijisemea moyoni, huyu mzee na watakatifu wake, hata shimo la bomba anataka kulibariki. Sikumuuliza hata siku moja. Naye hakunieleza, si kwa ubaya. Kwao kila mtu alijua maana yake, na hakuna anayemweleza mtu mzima kwamba moto unaunguza.

Gratien alipostaafu na kurudi kwenye maharage yake, nilifanywa mkubwa wa kikosi. Mageuzi yangu ya kwanza yalikuwa kulitupa lile kopo. Nilitoa na hotuba, nikasema sisi ni watu wa kisasa, kazi kwa ujuzi, sala kanisani. Walinipigia makofi. Aliyepiga sana alikuwa Silas.

Silas tulitoka naye Masisi. Tulikula ugali mmoja sahani moja miaka yote ile ya shida. Alikuwa fundi wa maungio, mwenye mikono myepesi, mbishi wa mpira ambaye timu yake haikuwahi kufungwa ila kwa uonevu wa refa. Nilimpenda. Wanaume wa rika langu hawakuambiana neno hilo, na mimi sikumwambia.

Tulipewa kazi ya kupeleka bomba kwenye makazi mapya upande wa Cyanzarwe. Wengi waliopewa viwanja pale walikuwa watu kama sisi, waliorudi kutoka nje, wasioijua ardhi ile, nayo haiwajui. Mstari ulipita kwenye bonde dogo la mviringo, zuri, lenye nyasi laini. Tulichimba mtaro mchana wenye jua na upepo, mtaro wa kifua, na hakuna aliyepata hata chafya. Kesho yake tulifika mapema kabla ya jua, tuunge bomba na kuondoka. Hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani.

Juu ya mteremko alisimama mukecuru mmoja, bibi kizee aliyeitwa Ansila, na mbuzi wake wanne wamefungwa kwa kamba kwenye miti. Alikuwa amewahi kuuza viazi Birere, kule Goma, kwa hiyo alituita kwa Kiswahili cha huko.

"Nyiye, mungojee jua ipande kwanza. Mbuzi hazishuki pale asubuhi."

Nami, mkubwa wa kikosi, mtu wa vyeti, nikamjibu, "Mama, sisi si mbuzi."

Nikacheka, na kikosi kizima kikacheka nami. Silas alicheka mpaka akashika tumbo, akachukua spana, akashuka.

Aliinama kwenye ungio na hakuinuka. Nilidhani anatania, maana tulikuwa katika utani. Nikamwita mara mbili. Nikaruka ndani nimkamate, na nilipoinama kuelekea alipo, miguu ikawa si yangu, kichwa kikajaa kama gunia lililoloa. Nilimsikia Ansila akipiga kelele juu yetu, "Musishuke, musishuke wengine," na kitu kikapita chini ya makwapa yangu. Walinivuta kwa kamba. Ilikuwa kamba ya mbuzi. Ndiyo, mimi niliyesema si mbuzi.

Silas walimtoa wa pili. Alikuwa amekwisha.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wangu alizaliwa asubuhi ile ile na ameishi nyumbani kwangu mpaka leo. Nilimuua rafiki yangu kwa mzaha. Siandiki hivi mnionee huruma. Hamna muda huo, mna simu ya kuchaji. Naandika kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Na linaloniuma zaidi, nililijua jina la kilichomuua. Kwetu ng'ambo tunakiita mazuku, pumzi mbaya inayotoka chini ya nchi ya volkano. Haina rangi wala harufu. Ni nzito kuliko hewa, hukaa mashimoni usiku kucha, na asubuhi huwa bado imelala hapo mpaka jua na upepo viitawanye. Bibi yangu alinieleza nikiwa sijaota meno ya pili. Lakini niliweka akilini kwamba hayo ni mambo ya kule. Sijui nilifikiri nini. Labda mazuku yakifika mpakani, Petite Barrière, yanapanga mstari na akina mama, yanaonyesha kitambulisho, yanaambiwa leo hapana, rudi kesho.

Baada ya mazishi nilikwenda kwa Ansila. Sikwenda kuomba msamaha, sikuwa na ujasiri huo. Nilikwenda kuuliza, kama nilivyopaswa siku ile. Alinipa kiti na viazi vya kuchemsha, akanihesabia. Alipokuwa msichana, mbuzi sita wa baba yake walionekana pale asubuhi moja wamelala mstari, kama wamepangwa. Kabla yake, vibarua wawili wa shamba la pareto walilala bondeni kukwepa baridi na hawakuamka. Ndiyo maana hakuna aliyejenga pale, hakuna aliyechimba choo, na kila mtoto wa mlima ule alifundishwa kufunga mbuzi juu mpaka jua lipande.

"Na sasa nani anajua?" nilimuuliza.

"Majirani zangu walikwisha," alisema. "Nyiye muliokuja hamukuuliza. Mi niko naambia mbuzi tu."

Hapo nilielewa na mshumaa wa Gratien. Moto ukizimika, usishuke. Ni hilo tu. Somo zima linaenea katika kopo la nyanya, na mimi nililitupa nikapigiwa makofi.

Niliandika ripoti. Niliandika "ajali kazini", maneno mawili, safi, hayamtaji mtu aliyecheka wala aliyechekesha. Ripoti iliingia kwenye faili, faili likaingia kabatini. Miaka ikapita, ofisi ikapata kompyuta, makabati yakatolewa nje na karatasi zake zikaenda kuwashia majiko. Maendeleo hayo. Ansila naye alifariki. Na mimi, niliyebaki najua, nilinyamaza. Ningeeleza mazuku bila kueleza mzaha wangu? Aibu inafunga mdomo kuliko serikali yoyote. Kwa hiyo bonde likakaa bila mwenye habari zake, mpaka dalali akapita, akaona nyasi laini, akaita Paradiso.

Haya yote nilimweleza Divine siku ile, chai ikiwa bado inakauka kwenye ramani. Kisha akanishika mkono.

"Pole sana, papa mukubwa. Sikujua. Lakini udongo tulipima, na expert alikuwa pale."

"Mlipima saa ngapi?"

"Saa sita mchana."

"Basi mlifanya vizuri sana. Saa sita hata mbuzi hushuka."

Hakupenda, lakini alikuja. Kesho yake saa kumi na mbili kasoro tulikuwa Paradiso, yeye na kofia yake, mimi na kopo la nyanya. Shimo la msingi wa chumba cha watoto lilikuwa limeshachimbwa jana yake, lenye kimo cha kifua. Msimamizi wa mafundi, Kevin, kijana mrefu mwenye viatu vya gharama, alikuwa amewaleta watu mapema wamalize haraka. Mmoja alikuwa tayari ameketi ukingoni, miguu inaning'inia ndani. Nilimwambia ainuke. Kevin akauliza kuna nini, nami nikamwambia, kwa sababu sikuwa na maneno mengine, kwamba mbuzi hazishuki pale asubuhi.

"Muzee," alisema Kevin, "kwani sisi ni mbuzi?"

Walicheka wote. Divine pia alicheka, akiziba mdomo kwa kiganja. Ulikuwa mzaha mzuri. Naujua ubora wake.

Sikugombana. Niliwasha mshumaa, nikauweka ndani ya kopo, nikateremsha waya polepole. Ulipita kifua, ukapita kiuno. Ulipofika karibu na kimo cha goti ulizimika. Moto haukuyumba, hapakuwa na upepo wa kuuyumbisha. Ulizimika kama umebanwa kwa vidole.

"Iko na maji ndani ya kopo," alisema mmoja.

Nikampa Kevin aliangalie kopo. Halikuwa na maji. Akawasha mwenyewe kwa kiberiti chake, akateremsha mwenyewe, ukazimika pale pale. Mara ya tatu aliushika Divine. Alilala kifudifudi ukingoni na nguo zake za ofisi, akatoa mita yake, akapima kutoka sakafu ya shimo hadi moto unapofia, akaandika namba kwenye kitabu chake. Kisha akaweka kidole kwenye ramani, kwenye chumba chenye magodoro.

"Mutoto akilala hapa," alianza, na hakumaliza. Machozi yalimtoka bila sauti, na sikumwambia anyamaze.

Kevin alikuwa amevua kofia. Aliniuliza nilijuaje.

"Nilisema maneno yako hayo hayo," nikamwambia. "Mahali hapa hapa."

"Halafu?"

"Halafu Silas akashuka."

Chumba kimehamishiwa juu, penye upepo. Akina mama wanalalamika kwamba kutakuwa na baridi, na mimi nawaambia baridi ina blanketi. Shimo limefukiwa, bonde limezungushiwa uzio. Dalali ananiita mchawi wa biashara. Divine ameomba kibao cha onyo, na ofisi inayohusika bado inajadili rangi. Mpaka watakapokubaliana, Kevin husimama pale asubuhi na kuwaambia wapita njia habari za mbuzi. Wanamcheka. Amezoea.

Basi nendeni kwenye mitihani yenu. Mtaulizwa wafalme, mtaulizwa mipaka na nani aliichora, jibuni vizuri mpate maksi. Na mkitoka, kabla ya kuchimba popote, tafuteni mtu mmoja aliyekuwapo kabla yenu, mumuulize na mnyamaze ajibu. Mkimkuta ni mtu mwenye aibu kama mimi, muulizeni mara mbili. Swali langu halitakuwapo kwenye karatasi, kwa hiyo nawapa jibu kabisa. Aliitwa Silas. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na alicheka kwa sababu mimi nilicheka kwanza.